Nani Atamuugulia Chaza

Kila asubuhi, kabla wageni hawajashuka kunywa chai, mfanya usafi wa hoteli alifuta kioo cha tangi la samaki kwa gazeti na siki, kisha akamsalimu chaza mkubwa. Chaza alifungua magamba yake kidogo. Mama wa watu alimpenda kweli, na hilo ndilo linalouma.

Bosi alitaka chaza asogezwe mbele, apigwe picha vizuri. Chaza hushika jiwe kwa mguu wake, na kumbandua kunataka kisu chembamba na subira. Bosi hakuwa na kisu wala subira. Alikunja mikono ya shati akamng'oa kama muhogo. Papo hapo unyayo wa mfanya usafi, aliyekuwa amesimama kando na ndoo, ukapasuka. Chaza hakupata hata mkwaruzo.

"Angalia sakafu yangu, mama," bosi alisema.

Mama akaifuta damu.

Tangu hapo ikawa hivyo. Taa mpya ilipozidi ukali, mgongo wa mfanya usafi ndio uliopauka. Konokono wadogo wanaofyonza chaza aliwabandua kwapani mwake, akiwa chooni. Daktari wa samaki aliandika kwamba chaza yu buheri wa afya, na akashauri mwanamke asiwe anafanya kazi mbali na tangi.

"Bosi, naomba ruhusa siku tatu," alisema. "Mguu unaoza. Hospitali wamesema nikichelewa wataukata."

"Sasa ukienda, nani atamuugulia chaza? Vumilia kidogo. Wageni wa mkutano wanakuja."

Wageni walikuja, wakapiga picha, wakasifu. Mguu ulikatwa wakati sumu imeshapanda. Alizikwa Ijumaa, na Jumamosi chaza akaachama, magamba hayafumbi hata akiguswa.

Jumatatu mdogo wake marehemu alifuata vitu vya dada yake: kandambili, kikombe na kitana. Bosi alimpa pole, akamkalisha kwenye kiti karibu na tangi.

"Mlizaliwa tumbo moja?"

"Tumbo moja, bosi."

Daktari wa samaki aliinama kwenye kioo. Magamba yalikuwa yanafumba, polepole, vizuri kabisa.

"Kazi unayo?" bosi aliuliza.

Yule binti alitaka kusema anayo, ameacha cherehani yake nyumbani na nguo za watu hazijaisha. Mdomo ulikuwa umebaki wazi, haufungi. Bosi alichukulia kwamba amekubali, akamwonyesha ndoo inapokaa.