Ukuta Uliovilia Damu

Baada ya mapumziko, mwalimu wa fasihi aliandika ubaoni maneno ya mfalme kipofu wa tamthilia ya kale waliyokuwa wakiisoma: "Mwema wetu ndiye mwovu wetu." Akauliza yana maana gani.

"Mzee anachanganya mafaili," alisema kijana wa mbele. Darasa likacheka.

Msichana wa dirishani hakucheka. "Mjini anachimba visima. Nyumbani anapiga. Ni mtu yuleyule."

Mwalimu alikuwa akitafuta neno la kumsifu msichana, ghafla ukuta ukavilia damu. Alama ya zambarau, pana kama kiganja, ilijitokeza kwenye chokaa. Msichana alivuta mkono wa sweta, akafunika alama kama hiyo mkononi mwake. Darasa lilijengwa na baba yake mdogo, mfadhili wa shule, aliyemlea tangu alipofiwa na wazazi.

Fundi rangi aliitwa. Alipaka, alama ikarudi. Alipoibonyeza, ukuta ukanywea.

"Hii si kazi ya rangi, Mkuu. Mtafuteni anayeupiga."

"Wewe paka," alisema mwalimu mkuu.

Alama ziliongezeka, nyingine ndefu kama mkanda. Wanafunzi waliacha kuegemea upande ule, wasije wakauumiza.

"Mtoto anaumia," mwalimu alimwambia mkuu wake.

"Macho ninayo, dada. Lakini maabara haina paa, na mwenye mabati ni nani?"

"Basi nitakwenda polisi."

"Nenda. Kituo nacho kajenga yeye."

Alikwenda. Askari alimsikiliza kwa adabu, kiti chake kikiwa kimeegemezwa kwenye ukuta wenye alama za zambarau.

Siku iliyofuata baba mdogo alikuja kumchukua mtoto kabla ya kengele. Aliwasalimu wote, akamuuliza mwalimu hali ya mama yake mgonjwa. Msichana alimsogelea mwalimu, akanong'ona.

"Mwalimu, sema nimekosa. Nipe adhabu, nibaki."

Mwalimu alimgeukia baba mdogo. "Huyu ana adhabu leo. Atabaki na mimi."

"Amekosa nini?"

"Utovu wa nidhamu."

Baba mdogo alitikisa kichwa kwa masikitiko. "Pole sana, Mwalimu. Usijichoshe. Hilo niachie mimi."

Akamfungulia mtoto mlango wa gari, akamfunga mkanda vizuri.

Mwalimu alirudi darasani. Gari lilipotoka getini, aliwaambia wanafunzi wasogeze madawati katikati, ukuta upate nafasi.