Mtamba wa Mtu Asiyetajwa

Mwanamke aliyeolewa katika ukoo ule hatamki jina la baba mkwe wake, hata nyumba ikiungua. Sisi tunaweza kulitaja: Niyibizi, mkulima wa Kagerankanda. Irakoze, mke wa mwanawe, hakuthubutu.

Ndiye aliyetumwa mnada wa Kitanga kumnunulia mzee mtamba. Shemeji zake walinuna. Tangu lini mwanamke kutumwa mnadani? Muuzaji, Nduwayezu, alimuuliza anamnunulia nani. Irakoze akatazama chini. "We niuzie mimi." Akalipa, akaenda kutafuta mtu wa kumsaidia kuswaga. Aliporudi, bwana mifugo alikuwa ameshamnong'oneza Nduwayezu kwamba mtamba ana mimba, thamani yake imepanda. Basi jamaa akagoma kumtoa, akataka kurudisha hela.

Irakoze aliumia sana. Akirudi mikono mitupu, shemeji zake watamcheka mpaka azeeke. Akafungua kesi mahakama ya mwanzo, Kasulu.

Nduwayezu alifika na shati lililopigwa pasi na sheria za kuokoteza. "Mheshimiwa, huyu mama ni wakala tu, kuna mtu kamtuma. Ananishtaki yeye kama nani? Wakala hashtaki kwa mkataba wa bosi wake. Aje mwenyewe!"

Hakimu alitikisa kichwa kukubali.

"Ni kweli, kwa kawaida wakala hawezi," hakimu alisema. "Ila wakati unauza, ulimjua huyo aliyemtuma?"

"Ningemjuaje, mheshimiwa? Nilimuuliza weee, kainamisha kichwa tu! Hata jina hakunipa."

Hakimu akaweka kalamu chini. "Basi uliuziana na huyu huyu. Wakala asiyemtaja aliyemtuma huhesabiwa amejifunga mwenyewe, na anaweza kudai mwenyewe. Mtoe mtamba."

Benchi la nyuma, mzee Niyibizi alicheka hadi karani akamkemea.

Jioni walifika Kagerankanda na ng'ombe wao. Irakoze akapiga magoti kumkabidhi mzee kamba. Mzee akaficha mikono mgongoni.

"Mwana wanje, mwanangu, mahakama imesema umenunua wewe. Mimi ni nani nibishane nayo? Mfunge kwako. Akizaa, nami uniletee kikombe cha maziwa."

Shemeji zake wote walikuwa pale, wanasikia. Irakoze alilia huku akicheka. Shemeji mkubwa alikohoa, akachukua panga, akaenda kumkatia mtamba majani.