Timazi Alipolala Upande

Pale kazini hakuna aliyejua jina lake halisi. Wote walimwita Timazi, kwa sababu jicho lake lilinyoosha kuta kuliko timazi yenyewe, kile chuma cha kamba ambacho waashi wenzake walining'iniza kila saa.

Sasa alikuwa ametoka kuugua sikio, ugonjwa uliomlaza huku kitanda kikizunguka kama pangaboi. Asubuhi aliyorudi kazini, alisimama mbele ya ukuta mpya, akaukodolea macho.

"Huu umelala. Bomoeni."

Shemeji yake, kaka wa mkewe, ndiye aliyekuwa msimamizi. Alishusha timazi, kamba ikaushika ukuta kutoka juu hadi chini, sawasawa.

"Timazi ya kamba inasema ukuta umesimama," akatangaza. "Timazi ya nyama ndiyo imelala."

Mafundi wakaangua kicheko. Kweli, jamaa alikuwa ameinamia kushoto kama mlango uliong'oka bawaba, na mwenyewe hana habari.

Daktari alishamweleza. Mwili hujua umesimama kwa kuuliza macho, nyayo na viungo, na kitu kidogo ndani ya sikio. Sikio lake la kushoto sasa lilikuwa linasema uongo. Mwili ungejifunza kulipuuza, polepole.

"Polepole mpaka lini, daktari?"

"Polepole."

Ndiyo maana kila jioni mkewe alimsimamisha ukumbini, peku, akamwambia afumbe macho, kisha akamsukuma kidogo na kumdaka, ili nyayo zijifunze.

"Baba watoto, hilo jicho moja linachungulia nini?"

"Linalinda nyumba."

Mwanzoni walikuwa wakicheka. Siku hizi hawakucheka tena. Alikuwa amechoka kusukumwa na kudakwa kama kabati linalohamishwa.

"Shemeji, niache nipande jukwaani," alimwambia msimamizi pale ukutani. "Kupiga lipu ya juu ndiyo kazi yangu. Kuna nini kingine ninachokijua?"

"Panda ubao wa chini kwanza. Fumba macho. Ukisimama, nakuruhusu uende juu kabisa."

Ubao wenyewe ulikuwa usawa wa kiuno. Akapanda, akaupa ukuta uso na shemeji mgongo. Hapo hata angefumbua macho yote mawili, nani angemwona? Kope zikaanza kucheza. Lakini uongo nao una uzito wake, na yeye tayari alikuwa amebeba sikio zima la uongo. Akayafumba kikwelikweli.

Nyayo zikasema: tumesimama. Sikio likasema: tunakwenda. Macho, ambayo kila siku yaliamua ugomvi huo, yalikuwa gizani. Ubao ukainuka upande mmoja, taratibu, bila kelele, naye akaufuata.

Mikono ya shemeji ikamdaka.

"Lo! Dada yangu anakulisha kokoto?"

Alikaa chini, mgongo kwenye ukuta, akisubiri dunia itue.

"Nipe sakafu, shemeji."

"Zimebaki za vyooni tu."

"Hizo hizo."

"Utaanza kesho. Leo pumzika."

"Nikipumzika dunia itazunguka tu. Nipe leo."

Akaingia chooni akitambaa, magoti na viganja juu ya zege baridi, kila kiungo kikimwambia sakafu ilipo. Huko juu mafundi walikuwa wanaitana, mtu anataka maji, mtu anataka ndoo. Akavuta mwiko, akachota mchanganyiko, akaanzia kona ya mbali.