Spika za Kumnyamazisha Dada

Seni hakununua spika kwa kupenda muziki. Alizinunua ili asimsikie dada yake.

Dada huyo, Nyamizi, alikuwa na gari aina ya Noah lililong'olewa viti vya nyuma. Alibebea vitunguu kutoka Ruaha Mbuyuni hadi Iringa, na soko likiwa zuri aliendelea hadi Mbeya. Seni alikuwa dereva wake. Njia nzima Nyamizi hakunyamaza: breki unakanyaga vibaya, mlima huu unapanda na gia gani, mbona mteja wangu umemsalimia kama unamfukuza? Seni hakujibu. Ule ukimya wake ulimkera Nyamizi kuliko tusi, na kadiri alivyokerwa ndivyo alivyozidi kusema.

Walikuwa wameanza kuchukiana zamani, kwa baba yao kule Usangu. Nyamizi alipoolewa na Edmund, mahari ililetwa kwa ng'ombe, na baba akasema ng'ombe hao ndio watakaokuwa mahari ya Seni kwa mchumba wake, Damari. Kabla hawajapelekwa kwa kina Damari, Nyamizi alirudi nyumbani kwa miguu, taya limevimba kwa kipigo, akaapa harudi tena kwa mume. Edmund akadai ng'ombe wake, wakaswagwa kurudi kwake. Damari akaolewa Chimala na mwanamume mwingine. Miaka ikapita. Nyamizi alipopata gari akamwita mdogo wake aje kuendesha, naye akaja kwa sababu hakuwa na kazi nyingine. Mambo yale hawakuyagusa hata siku moja.

Basi Seni akaenda mtaa wa Mlandege, Iringa, kwa Makame, fundi redio mwenye ulimi mkali, akamwambia anataka mziki mkubwa na pesa yake ni ndogo.

"Kwa pesa hiyo chukua spika mbili za mtumba za milango ya mbele," Makame alisema. "Nikuzibie na milango isitetemeke. Mziki utasikika vizuri, uende zako."

"Nataka na besi."

"Besi inataka ampi ya kukuza sauti, na ampi inataka waya mnene wenye fyuzi karibu na betri, usije ukaungua. Una hela ya hivyo?"

"Waya ninao."

Makame akauangalia waya ambao Seni aliutoa mfukoni, akaurusha juu ya meza. "Huu ni wa taa za sebuleni, bwana. Hapa nafunga za milango tu. Hiyo besi kafungie kwingine, na likikukuta la kukukuta usitaje jina langu."

Seni alimwita mwizi anayetaka kumuuzia vitu asivyovihitaji. Hata hivyo alimwacha afunge spika za milango, na zilitoa sauti safi kweli. Kisha akanunua spika ya besi na ampi chakavu kwa mtu, akachongewa boksi la mbao na seremala wa Kihesa, akafunga mwenyewe. Waya aliupitisha kwenye tundu la bati nyuma ya injini. Fyuzi hakuweka.

Walipotoka Iringa kwenda Mbeya, Nyamizi aliona boksi limekaa mahali pa gunia zima la vitunguu.

"Nani amekuruhusu?"

Seni akaongeza sauti. Kioo cha mbele kikatetema. Nyamizi akapunguza, Seni akaongeza tena, wakafika Makambako wakigombania kitufe kama watoto. Baada ya hapo Nyamizi alikunja mikono akageukia dirishani. Midomo yake ilicheza, lakini hakusikika, na Seni akatabasamu mara ya kwanza tangu aanze kazi ile.

Walikuwa wanashuka kuelekea Igawa harufu ya plastiki inayoungua ilipojaa ndani. Moshi ukapenya chini ya dashibodi. Seni akasimamisha gari pembeni, akazima, akaruka nje kutafuta mchanga. Aliporudi na viganja vimejaa, Nyamizi alikuwa ameshafungua boneti. Amefunga khanga mkononi, ameushika ule waya na kuuvuta kwa nguvu mpaka ukachomoka kwenye betri. Khanga ilikuwa imetoboka, na kiganja kilichokuwa chini yake kilikuwa kimebabuka.

"Ungetuua," alisema. "Kwa ajili ya redio!"

"Si redio. Nilitaka nisikusikie."

"Umenichoka?"

"Tangu kwa baba. Wewe ulirudi, mimi nikabaki bila mke. Halafu unanipa usukani kama unanipa sadaka!"

Nyamizi alicheka kicheko kibaya. "Nilitembea kutoka kwa Edmund taya limevunjika. Nilipofika ulikuwa zizini. Uliniuliza nini, Seni?"

Seni akaumwaga mchanga uliokuwa viganjani.

"Uliniuliza kama ng'ombe watadaiwa. Hata maji hukunipa."

"Nilikuwa nampenda Damari," Seni alisema.

"Na mimi nilikuwa naogopa kufa."

Aliingia nyuma ya gari, akalisukuma lile boksi kwa mguu mpaka likaanguka kwenye majani, ampi ikafuata. Kisha akanyoosha mkono usioungua. "Funguo."

"Huwezi kuendesha na mkono huo ulioungua."

"Funguo, nimesema."

Akampa. Nyamizi aliwasha, akaondoka polepole, gia zikilia. Seni alibaki na boksi lake mpaka akapata lori la kumrudisha Iringa. Vitunguu vilifika Mbeya vikauzwa, na kuanzia hapo Nyamizi hakuajiri dereva.

Wiki kadhaa baadaye Seni alipiga simu: anataka spika zake za milango, alizinunua kwa pesa yake. "Njoo uchukue," Nyamizi akamjibu, akakata.

Alimkuta uani kwake, Kihesa, anachambua vitunguu vilivyooza. Alimwamkia, akaitikiwa bila kutazamwa. Akafungua milango ya Noah, akalegeza skrubu, akatoa spika moja, kisha ya pili, akaziweka kwenye mfuko mtupu wa mbolea ya salfeti. Nyamizi akaja kusimama karibu naye, akihakikisha hachukui kisicho chake.

"Unakwenda wapi?"

"Usangu. Kuchunga ng'ombe za watu."

"Utakula kwanza?"

Seni akafunga mfuko. "Sina njaa," alisema, ingawa hakuwa amekula tangu asubuhi, na Nyamizi aliliona hilo usoni mwake.

Nyamizi hakumkaribisha tena. Alimwacha atoke, akaenda kufunga lango kwa komeo.