Vidole vya Mkasi

"Huyu mmeniletea wa nini?" daktari wa zamu aliuliza, vidole vyake vikiwa bado shingoni mwa kijana.

Dada Mkasi alikuwa amepiga magoti juu ya machela, mikono imenyooka, anabonyeza kifua na kuhesabu kwa sauti. Jasho lilimdondoka puani likachora madoa meusi kwenye vumbi la saruji lililomfunika yule kijana.

"Shuka, dada," daktari akasema.

"Alikuwa na mapigo!"

"Shuka."

"Nimeyasikia kwa vidole vyangu hivi, daktari! Njia nzima ameuma meno. Anapigana huyu!"

Daktari akakishika kidevu cha kijana, akajaribu kuufungua mdomo. Taya halikusogea. Akajaribu kuigeuza shingo. Ikakataa.

"Hajauma meno," akasema, na sauti yake ilikuwa imeshuka. "Amekakamaa. Huyu amekufa tangu asubuhi, jamani. Tangu jengo lilipoanguka."

Mkasi akaganda. Mikono yake ilibaki pale kifuani, haipandi wala haishuki. Akavitazama vidole vyake kama mtu anayemtazama mtoto wake aliyekamatwa akiiba. Kisha akanigeukia, na kabla hajafungua mdomo nilishajua, maana na mimi nilikuwa nawaza hilo hilo.

"Kona," akasema. "Yule mwingine."

Nikatoka mbio.

Kona ndiye mimi, dereva wa gari la wagonjwa, na aliyewahi kupanda nami hahitaji kuelezwa jina lilitoka wapi. Mkasi ni muuguzi wangu wa nyuma. Tulimwita hivyo kwa jinsi anavyochana nguo za majeruhi: krap, krap, suruali imekuwa kitambaa kabla mwenyewe hajaguna. Katika kituo chetu chote hapakuwa na mkono kama wake, na anayebisha aje tubishane.

Siku ile jengo la ghorofa lililokuwa likijengwa liliporomoka alfajiri. Hadi adhuhuri waokoaji walikuwa wamewafukua ndugu wawili, mafundi waashi, wakawalaza sambamba juu ya mchanga, juani. Mkubwa alikuwa amepondeka nyonga lakini anaongea. Mdogo alikuwa kimya. Gari letu lina machela moja, na gari la pili lilikuwa bado njiani. Sisi tuna kanuni yetu, chungu lakini ndiyo kanuni: anayepiga kelele ana pumzi, mtafute kwanza aliye kimya.

Mkasi alikivuka kile kifusi mbio, mtungi wa oksijeni begani, watu wanapiga kelele kila upande. Akavizamisha vidole shingoni mwa mdogo, akafumba macho.

"Yapo! Mapigo yapo!"

Mwili ulikuwa na joto. Nani angejua kwamba ni joto la jua na zege?

Yule mkubwa alinishika pindo la suruali. "Mchukueni mdogo wangu," akasema. "Mimi nitangoja."

"Tunarudi sasa hivi, kaka," nikamwambia. Nikaifunga milango ya nyuma.

Niliporudi, gari la pili lilikuwa limefika, limezimwa. Wanaume walikuwa wamesimama duara, kofia za ujenzi mikononi. Mmoja alikuwa amevua shati lake akafunika nalo kile ambacho hakuna aliyetaka kukiona.

"Amekata roho sasa hivi tu," saidia fundi mmoja akaniambia. "Alikuwa anauliza kama mdogo wake amefika."

*

Kila mgeni aliyeletwa kituoni, Mkasi ndiye aliyemfundisha kupima mapigo. Alikuwa akimkimbiza kwanza kuuzunguka uwanja, kisha anamkabidhi mguu wa kiti. "Haya, pima." Na mgeni, anahema, kidole kimekandamiza mbao, anasema kwa mshangao, "Yapo!" Basi hapo tunacheka hadi tunashika mbavu. Halafu Mkasi anamwambia, "Huo ni moyo wako mwenyewe. Ukiwa umekimbia na umekandamiza, hata kiti kitakuwa hai."

Mganga hajigangi, walisema wahenga. Mimi nawaongezea: na mwalimu hushindwa mtihani alioutunga.

Baada ya siku ile Mkasi hakulia. Aliosha gari, akapanga glavu, akaja kazini kesho yake kabla yangu. Nikasema moyoni, chuma hicho. Kumbe chuma kilikuwa kimepasuka kwa ndani. Tuliitwa sokoni kwa mzee aliyezimia. Mkasi akapiga magoti, akanyoosha mkono, na vidole vikasimama hewani, vinatetemeka, kama vimefika kwenye moto.

"Kona, pima wewe."

"Mimi? Mimi ni dereva, dada!"

"Pima!"

Nikapima. Mzee akafungua macho akaniuliza kama nimeoa, eti nina mikono laini. Watu wakacheka. Mkasi hakucheka.

Mumewe nilikutana naye getini akimletea chakula. "Shemeji," akanivuta pembeni, "huko kazini mmemfanya nini mwenzangu? Mchana najilaza kwenye kochi, nashtuka vidole viko shingoni. Mara ya kwanza nilidhani ananinyonga kwa ajili ya zile soksi ninazotupa ovyo. Kumbe ananipima. Watoto pia. Anapima, haamini, anarudia."

Alitaka kucheka, akashindwa katikati.

Wakatuletea mshauri, bwana mpole sana, tukae duara tuseme yaliyo moyoni. Mimi nikakunja mikono. Nikasema mimi niko sawa, mimi naendesha tu. Ukweli ni kwamba kila nilipoifunga milango ya nyuma nilisikia ile sauti, mimi nitangoja, na nikawa naifunga kwa mgongo ili nisiitazame. Lakini hilo nilimwambia nani? Mkasi naye aliposikia zamu yake ya kusema imefika, alisema jambo moja tu: ameomba ahamishiwe stoo ya mashuka. Mashuka hayana mapigo.

Ombi likakubaliwa. Mimi nilikasirika kama nimetukanwa. Nikamwambia, "Dada, ukienda kukunja mashuka, kesho mtu wangu wa nyuma atakuwa nani? Mtoto wa juzi anayepima kwa kidole gumba?"

"Bora yeye. Yeye bado hajaua."

"Wewe hujaua! Jengo ndilo lililoua!"

"Jengo lilimuua mmoja, Kona," akasema, na akaingia ndani.

*

Siku yake ya mwisho garini, asubuhi, mama wa wale ndugu alikuja.

Tulikuwa katika chumba chetu cha kungojea wito, chumba chenye benchi moja, birika, na makasha ya glavu yaliyopangwa hadi dari. Aliingia bila kubisha, mtandio mweusi kichwani, mwanamke mfupi aliyejikaza kama fundo.

"Nimeambiwa nimtafute anayeitwa Mkasi."

Mkasi akasimama. "Ni mimi, mama. Karibu ukae. Pole sana na..."

"Msinipe pole. Nimepewa nyingi, sina pa kuziweka." Akakaa. "Nina swali moja tu, nikijibiwa naondoka. Wenzao wa kazini wameniambia mwanangu mdogo alitolewa akiwa hai. Kwamba ulipaza sauti watu wote wakasikia: mapigo yapo. Ni kweli?"

Mkasi alifungua mdomo. Mimi nikamtangulia.

"Ni kweli, mama. Alikuwa hai. Dada alimpigania hadi mlangoni mwa hospitali."

Uongo ulinitoka laini, kama gari kwenye lami mpya. Mama akafumba macho, na lile fundo likalegea kidogo.

"Alhamdulillahi. Basi hakufa gizani, peke yake, chini ya mawe. Hilo ndilo linaloniwezesha kula."

Nikamtazama Mkasi kwa jicho la kumwambia, umeona? Yameisha. Nyamaza. Nikamkanyaga buti. Akauvuta mguu wake.

"Hapana, mama," akasema.

"Dada!"

"Wewe nyamaza, Kona." Akapiga magoti mbele ya benchi, kama anavyopiga magoti mbele ya majeruhi. "Mama, mwanao mdogo nilimkuta ameshakufa. Alikufa palepale jengo lilipoanguka, daktari alisema hivyo. Nilikuwa nimekimbia. Nilisikia moyo wangu mimi nikadhani ni wake. Nikamweka garini. Na mkubwa, aliyekuwa hai, nikamwacha juu ya mchanga."

Birika lilikuwa likichemka. Hakuna aliyelizima.

Mama hakupiga kelele. Heri angepiga. Alimtazama Mkasi, midomo imekauka, na uso ukawa kama nyumba ambayo taa zake zinazimwa chumba kwa chumba.

"Ulimwacha," akasema.

"Nilimwacha, mama."

"Anakuona unaondoka na maiti."

"Hakujua kuwa ni maiti. Yeye mwenyewe ndiye aliyesema tumchukue."

"Alisema nini?"

Mkasi akanigeukia. Maneno yale niliambiwa mimi; yeye akiwa kwa mdogo alisikia 'mchukueni' tu, na mengine sikuwa nimemwambia mtu.

"Alinishika suruali," nikasema hatimaye. "Akasema: mchukueni mdogo wangu. Mimi nitangoja."

Mama akainuka. Kisha akakaa tena, vibaya, kama mtu aliyesukumwa.

"Alisema 'mdogo wangu'?"

"Ndiyo, mama."

"Usinidanganye tena, wewe kijana! Umeshanidanganya mara moja hapa hapa."

"Naapa. Na alipokuwa anakata roho alikuwa anauliza kama mdogo wake amefika. Muulize saidia fundi."

Akaweka kiganja mdomoni. Akasema kupitia vidole, nasi tulilazimika kuinama ili tusikie.

"Hawakuwa wakisemezana. Tangu baba yao afe. Mafundi, basi wamejenga ukuta katikati ya ua wangu, kila mtu na upande wake. Mimi nikitaka kumsalimu mdogo nazunguka barabarani kama mgeni. Kazini wanapokezana tofali, neno hakuna. Mkubwa hakumtaja hata kwa jina. 'Huyo,' alikuwa akisema. 'Huyo wa upande wa pili.' Nimewazika nikiamini wamekufa na ukuta wao." Akavuta pumzi, haikufika. "'Mdogo wangu.' Alisema 'mdogo wangu'..."

Rangi ikamtoka. Akaanza kuinamia upande wa makasha ya glavu, na mimi nikadaka bega lake. Ngozi ilikuwa baridi, imelowa.

"Dada, anazimia! Dada!"

Mkasi alikuwa bado amepiga magoti. Akanyoosha mkono wa kulia, na nikaviona vidole vikisimama hewani, vikitetemeka kama siku ile ya sokoni. Nikajua ataniambia nipime mimi. Nikajua pia kwamba nitakataa, hata akinitukana.

Hakuniambia. Aliinua mkono wa kushoto, taratibu, akaweka vidole viwili kwenye shingo yake mwenyewe. Akavituliza hapo, akahema, akangoja. Ndipo wa kulia ukashuka shingoni mwa mama, mwepesi, bila kukandamiza. Akafumba macho. Kichwa chake kilianza kutikisika kidogo, huku, na huku, kama mtu anayesikiliza ngoma mbili zisizolingana.

"Haya yangu," akanong'ona. "Yanakwenda mbio. Haya... haya ya polepole si yangu. Haya ni yake." Akafungua macho, yamejaa maji. "Mlaze, Kona. Inua miguu. Taratibu, mlaze chini."

Nikamlaza. Nikaweka miguu yake juu ya kasha. Mkasi hakuitoa mikono, mmoja kwake, mmoja kwa mama. Baada ya kitambo rangi ikaanza kurudi, na mama akafumbua macho akamwona aliye juu yake.

"Sijakusamehe," akasema.

"Najua, mama."

"Sijui kama nitaweza."

"Najua."

Mama akaangalia ule mkono uliokuwa shingoni mwa Mkasi mwenyewe. "Na huo wa nini?"

"Nisichanganye tena."

Nje, mtu alikuwa akiliita gari letu, lakini kwa mara ya kwanza maishani mwangu sikukimbia. Mama akaigeuza shingo yake kidogo, akamwachia nafasi.

"Basi pima vizuri," akasema. "Usiharakishe."