Dawa ya Kushikisha

Vital, kinyozi wa mtaa wetu hapa Bunia, huwafuata wateja wake majumbani. Mimi hunikalisha uani, shuka shingoni, nami hutazama mvi zangu, za kichwa na za ndevu, zikianguka chini. Tangu ujana wangu nimeshika desturi moja: nywele zangu huzizoa mwenyewe na kuzitupa chooni. Sikuamini uchawi nilipokuwa karani wa mahakama, greffier kama watu wanavyoniita bado, na siuamini leo. Lakini mtu haachi vipande vya mwili wake vizagae ovyo. Ni adabu tu.

Siku hiyo, kabla sijainuka kitini, mtu alibisha langoni akiulizia nyumba ya jirani, nikaenda kumwelekeza. Niliporudi, ardhi ilikuwa imekwisha kufagiliwa. Domitille alisimama kando ya jiko, anafunga fundo la mfuko mdogo wa plastiki, na ndani ya mfuko ule niliona weupe.

— Umeshika nini hapo? nikamwuliza.

— Buchafu tu, Papa Greffier. Naenda kutupa.

Hakwenda chooni. Aliingia chumbani mwake na kuufunga mlango.

Domitille ni mjane kijana aliyekimbia vita upande wa Bule, akafika mjini na ndoo moja na kikwembe alichojifunga. Denise, mke wa mwanangu, alikutana naye sokoni anakouzia samaki wa moshi wa Tchomia, akamhurumia, akampa chumba kilicho nyuma ya jiko letu. Kwa kuwa mwanangu Didier yuko Aru kwa shughuli za malori, na Denise hushinda sokoni, ikapatanwa kwamba Domitille atawaangalia wajukuu wangu wawili: Ketsia, mwenye umri wa miaka sita, ambaye alijua kusoma kabla ya kukanyaga shule, na Dady, mdogo wake, ambaye bado anavaa viatu kinyume. Mimi nilielezwa mambo yalipokwisha kuamuliwa.

Sikatai kwamba mwanamke yule alikuwa na mikono stadi. Alipofika tu, alimtengenezea Dady gari la kopo la sardini lenye magurudumu ya vizibo vya bia, na mtoto akalikokota kwa uzi kuzunguka ua hadi nikaomba amani. Waliviringisha mifuko chakavu na kamba za migomba wakapata mpira. Walitia maharagwe ndani ya chupa za plastiki wakapata vyombo vya muziki, kama huo ni muziki. Hayo yote waliyafanya uani, machoni pangu. Sasa walikuwa wakifanya kazi zao chumbani, mlango umefungwa, na nikipita dirishani sauti zinakatika.

Na Ketsia hakuwa akisema nami tena.

Zamani alikuwa akija kwangu, Koko wake, yaani babu yake, kunisimulia kila jambo. Nami nilikuwa nikimsahihisha, kama mapadri walivyotusahihisha sisi. Katika nyumba yangu Kifaransa ni Kifaransa na Kiswahili ni Kiswahili, na sentensi iliyochanganywa huanzwa upya.

— Koko, nalipoteza kreyo yangu ku masomo.

— Kalamu ya risasi. Shuleni. Anza upya.

Alikuwa akianza upya, mikono nyuma, vizuri kabisa, nami nilikuwa nikijivuna kimoyomoyo. Kisha siku moja akafika katikati ya sentensi, akalitafuta neno, hakulipata. Akageuka, akaenda zake. Tangu hapo nikimwuliza jambo ananitazama miguuni. Nikajiuliza ni nani anayemfundisha mtoto huyu kunificha mambo.

Baada ya nywele ikafuata tai. Nilikuwa na tai ya rangi ya zabibu, niliyoivaa mahakamani miaka mingi. Nilifungua kabati nikakuta kipande kidogo tu cha ncha yake, kimekatwa kwa mkasi. Denise, nilipomwuliza jioni, alijibu huku akivua viatu:

— Papa, ile karavati panya walikwisha kuikula. Nilimupatia Domitille.

— Tai. Naye aifanyie nini?

— Ah, Papa! Anajua yeye na batoto.

Hakuniangalia alipokuwa akisema. Niliona pia kwamba alitaka kucheka.

Jumamosi nilikwenda jikoni mwenyewe kutafuta maji ya moto ya chai. Ukuta unaotenganisha jiko na chumba kile ni wa udongo, na juu yake pana nafasi ya kupitishia moshi. Nikasikia sauti ya Ketsia, ile sauti niliyoikosa, inasema bila kusita hata kidogo:

— Dawa ya kushikisha imeiva?

— Bado, akajibu Domitille. Koroga polepole, isifanye mabonge.

— Tumupake sasa?

— Hapana, mama. Kama iko moto, Koko atalegea shingo, kichwa itaanguka. Acha ipoe kwanza.

— Na Koko akisikia?

— Njo maana munyamaze. Kama anajua mbele ya siku ya Mungu, yote itaharibika.

Dady akaangua kicheko:

— Koko kichwa puu!

Niliondoka bila maji. Nilikaa barazani na kulipima lile neno, kama nilivyopima maneno ya mashahidi katika maisha yangu yote. Kwetu, dawa ni ya hospitali, na dawa ni ya mganga pia. Kushikisha ni kukifunga kitu kisiachie tena. Dawa ya kumshikisha mume asiyetulia, nilipata kuisikia ikitajwa mbele ya hakimu. Dawa ya kumshikisha mzee mwenye nyumba yake na hati yake ya kiwanja, hiyo sikuisikia, lakini niliweza kuielewa. Nywele zangu zilikuwa mikononi mwao. Kitambaa cha shingo yangu kilikuwa mikononi mwao. Siku ilikwisha kupangwa: siku ya Mungu, yaani Jumapili. Mtu mwenye akili angesema kwamba hizo ni dalili tu, si uthibitisho. Nilijiambia hivyo mara nyingi, na kila mara shingo ikanicheza.

Asubuhi ya Jumapili, nikitoka misa, nilimkuta jirani yangu Lambert langoni pake. Lambert anaongoza kikundi cha maombi katika mtaa wetu, na macho yake huona shetani hata ndani ya sufuria ya maharagwe. Nilijua hilo. Nikamweleza hata hivyo.

Alinisikiliza akitikisa kichwa, kama mtu anayeletewa deni aliloligoja.

— Greffier, weye unajua sheria. Lakini hii haiko mambo ya sheria. Nywele! Batu banakimbia vita, tunabapokea, tunajua banabeba nini mu mufuko?

— Sitaki kelele, Lambert. Nataka mashahidi. Chumba kipekuliwe mbele ya watu, jambo lijulikane, basi.

— Njo kusema! Nitamuleta chef ya avenue, Ambroise. Na bamama wawili ya maombi. Saa tisa tuko kwako. Akiwa na kitu, leo hii analala barabarani.

Mwaka uliopita walimfukuza mwanamke mmoja katika barabara ya chini kwa ajili ya ndoto aliyoiota mtoto wa jirani. Godoro lake lilichomwa mbele ya watu. Nililikumbuka godoro lile nikiwa bado nimesimama mbele ya Lambert, na ningaliweza kuyarudisha maneno yangu. Nikasema:

— Saa tisa. Vema.

Tulikula mchana sisi wanne. Denise alikuwa amekwenda kumzuru mgonjwa. Ketsia alikula macho kwenye sahani, kisha akamtazama Domitille, na Domitille akamtikisia kichwa. Wakainuka wote watatu. Mlango ukafungwa.

Saa tisa haikuwa imefika. Lakini karani anajua kwamba vielelezo hupotea wakati watu wanapongoja mashahidi. Nilivuka ua, sikubisha, nikausukuma mlango.

Juu ya meza nilisimama mimi.

Nilikuwa na urefu wa mkono. Kichwa changu kilikuwa cha karatasi, kimepakwa rangi ya udongo mwekundu, kina paji pana la uso na mikunjo miwili ya hasira katikati ya nyusi. Nilivaa miwani ya waya mwembamba. Miguu yangu ilikuwa magunzi ya mahindi. Shingoni nilikuwa na tai ya rangi ya zabibu, imefungwa sawasawa, na kidevuni nilikuwa na ndevu zangu mwenyewe, nyeupe, upande wa kulia zimejaa, upande wa kushoto chache.

Domitille alisimama haraka akamvuta Dady nyuma yake.

— Papa Greffier, haikuwa bado saa...

— Hii ni nini? nikauliza, kwa sauti ya mahakamani. Na hiyo nyunguni, nyeupe, inayonata, ni nini? Ketsia! Nijibu wewe.

Ketsia aliitazama miguu yangu. Kisha akafanya jambo ambalo sikulitazamia. Akaichukua ile sanamu, akaiinua mbele ya uso wake, na kutoka nyuma ya kile kichwa cha karatasi ikaja sauti nzito:

— Katika nyumba yangu Kiswahili ni Kiswahili! Anza upya!

Dady akacheka hadi akakaa chini. Ketsia akaigeuza sanamu imtazame yeye, akaiambia kwa sauti yake mwenyewe, kwa upole, kama anayesema na mtu mwenye kusikia kwa shida:

— Koko mudogo, ile iko dawa ya kushikisha. Tunatia unga ya muhogo mu maji ya baridi, tunakoroga, kisha tunapika. Tunapakaa karatasi ya mufuko ya... ya ile unga ya kujengea nyumba. Tunaishikisha juu ya mupira. Inakauka juu ya mabati. Inakuwa kichwa yako.

— Mbona mnaiita dawa? nikauliza.

Akajibu Domitille, taratibu, macho chini:

— Papa, iko kole. Lakini weye ulikataza mu hii nyumba. Kole iko Kifaransa. Mutoto aliniuliza, «Mama Domi, kole mu Kiswahili ya Koko ni nini?» Miye sikujua. Akalia. Njo tukaunda jina yetu siye wenyewe.

Neno ni gundi. Nililijua. Hakuna aliyethubutu kuniuliza.

— Anaogopa kukuongelesha, akaendelea. Anasema maneno yake inakauka mbele yako. Nikawaza, tumutengenezee Koko mudogo, azoee naye. Leo, kisha kula, alipashwa kutoka naye inje, akupe hadithi. Alijifunza yote. Nywele nilikamata kwa ndevu, nisamehe. Pamba ilimufanya Père Noël, ule muzee wa Krismasi.

Hapo lango likagongwa. Lambert hakungoja kufunguliwa. Aliingia na Ambroise, chef wa avenue, yaani kiongozi wa barabara yetu, mtu mnene anayependa jambo liishe upesi, na nyuma yao wanawake wawili, mmoja na chupa ya mafuta ya maombi. Wakaja moja kwa moja mlangoni.

— Iko! akapaza Lambert. Angalieni! Sanamu! Na nywele yake! Chef, unaona kwa macho yako?

Domitille alikwenda kwenye kona, akaichukua ndoo yake, ile aliyokuja nayo kutoka Bule, akasimama akiishika kwa mikono miwili. Alijua jinsi mambo haya yanavyokwenda. Dady aliacha kucheka.

— Greffier, akasema Ambroise, hii inatoka wapi? Na mu nyungu ni nini?

Nilichovya kidole changu, nikakiinua mbele yao. Kilikuwa cheupe na kilinata.

— Ni kole, nikasema.

— Weye mwenyewe ulisema dawa! akafoka Lambert. Leo asubui, mbele ya mulango yangu!

— Nilisema vibaya. Ni kole, Lambert. Ya unga wa muhogo. Kole.

Kisha nyuma ya sanamu ikasikika ile sauti nzito, ikitetemeka kidogo:

— Koko! Kifaransa! Anza upya!

Ambroise alicheka kwanza, kwa tumbo lote, na mmoja wa wanawake akafunika mdomo wake. Lambert peke yake hakucheka.

— Sawa, kole. Na nywele? Nani alimupa nywele ya muzee?

Mimi sisemi uongo, na mbele ya shahidi ndiyo kabisa. Nikakishika kidevu changu upande wa kushoto, nikang'oa ndevu nilizoweza kuzing'oa, na macho yakanitoka machozi ya maumivu. Nikazionyesha mbele ya watu wote, nikaziweka katika kiganja cha Ketsia.

— Upande wa kushoto hazikutosha, nikamwambia. Shikisha.

Alinitazama usoni. Kisha akachovya kidole nyunguni, akaanza kuzibandika, moja moja, ulimi umetoka pembeni mwa mdomo, kama baba yake alivyokuwa akifanya alipojifunza kuandika.

— Mumeona, Lambert? akasema Ambroise. Muzee anagawa ndevu mwenyewe. Twende.

Waliondoka. Lambert aligeuka langoni mara moja, na najua kwamba bado hajaamini. Ataendelea kuitazama nyumba yangu, nami nitaendelea kumtazama yeye.

Domitille alikuwa bado amesimama konani na ndoo yake. Nikamwambia akaijaze maji bombani na kuirudisha mahali pake, kwa kuwa kole ilikuwa imeanza kukauka, na mtoto alikuwa hajamaliza.