Shuka la Bitana

Mpiga pasi wa karakana yetu ndiye aliyelileta neno. Tulikuwa tunakunja sare za shule, akasema bila kuulizwa na mtu: "Mwanamke anayelowesha shuka usiku, mapafu yake yameshaliwa. Wifi yangu alianza hivyo hivyo." Wenzangu wakaguna, wakaendelea na vifungo vyao. Mimi sindano ilinichoma kidole, maana siku hiyo nilikuwa nimeamka nimelowa kama mtu aliyenyeshewa.

Nilikuwa na miaka arobaini na tisa. Sikohoi, sijakonda, hata sketi zangu zilikuwa zinanibana. Lakini neno likishaingia sikioni halitoki kwa kutikisa kichwa. Kila jasho liliponianza kifuani, likapanda shingoni hadi utosini, nilimsikia mpiga pasi. Na hofu yangu haikuwa kufa. Binti yangu alikuwa amejifungua mtoto wa kike, mumewe yuko safari ya kazi, kwa hiyo anakuja kwangu nimsaidie kulea. Nikawaza: nitamwambukiza kifua kikuu mtoto wa wiki tatu.

Badala ya kwenda kupima, nikafanya ufundi. Mimi ni fundi cherehani, mwaka wa ishirini na mbili huu nashona sketi. Nikaomba mabaki ya bitana, kile kitambaa cha kuteleza kinachoshonwa kwa ndani, nikaunganisha vipande mpaka nikapata shuka zima. Niliona bitana hainywi maji: asubuhi unaikung'uta, unaianika, hakuna wa kujua. Chini yake nikatandika nailoni ili godoro lisije likanisema. Na kwa kuwa jasho likikatika nilikuwa natetemeka, nikawa navaa sweta, nafunga dirisha, na kabla ya kulala nakunywa kikombe kikubwa cha chai ya moto nitoe baridi. Jasho lililokuwa linakuja mara moja likaanza kuja mara tatu. Nikasema basi, ugonjwa umekomaa.

Binti alipofika nilimpokea nimejifunga kitambaa mdomoni.

"Mafua," nikamwambia.

"Pole, mama. Shika basi mjukuu wako, nishushe mizigo."

"Mlaze pale kwenye kochi, mwanangu. Nitamshika nikipona."

Mafua gani ya siku kumi na moja? Nilipika, nilifua nepi, nilideki, lakini mtoto nilimwangalia kutoka mlangoni. Akilia, mimi narudi nyuma. Siku hiyo ya kumi na moja binti alikuwa ananyonyesha, akaniuliza bila kunitazama:

"Mama, nimekukosea nini?"

"Hujanikosea kitu."

"Basi huyu kakukosea nini? Hata jirani kambeba. Wewe unasimama mlangoni kama askari wa benki."

Alimlaza mtoto, akatoka uani kuanua nepi, akarudi na shuka langu mkononi, bado lina unyevu.

"Hii si bitana ya sketi?"

"Ndiyo."

"Na unailalia? Mama! Umelishonea godoro sketi!"

Alicheka mpaka mtoto akashtuka. Mimi nikaangua kilio. Hapo ndipo nikamwaga yote: mpiga pasi na wifi yake, jasho, hofu ya mtoto. Binti akaacha kucheka. Hakunibembeleza hata kidogo. Alisema tu, "Vaa viatu."

Kwenye kituo cha afya tulimkuta muuguzi mtu mzima kama mimi. Akauliza: unakohoa? Umepungua uzito? Unapata homa? Kuna mgonjwa wa kifua nyumbani? Yote nikajibu hapana.

"Umefanya vizuri kuja," akasema. "Jasho la usiku halipuuzwi. Linaweza kuwa kifua kikuu, linaweza kuwa jambo lingine. Hapa hatubahatishi."

Nikapigwa picha ya kifua, nikatolewa damu. Kisha akauliza hedhi yangu ya mwisho ilikuwa lini. Nikamtazama binti, nikainama.

"Sema, mama. Kwani mimi nilidondoka kutoka mbinguni?"

"Miezi mitano," nikasema. "Na kabla ya hapo ilikuwa inaruka ruka."

Majibu yalitoka mchana. Kifua safi, damu safi.

"Hedhi inakuaga, dada," muuguzi akasema, "na kwa wengine haiagi kimya kimya. Mwili unajihisi una joto kali ghafla, unalitoa kwa jasho. Haya, niambie unalala vipi."

Nikamweleza. Bitana, nailoni, sweta, dirisha, chai. Akaweka kalamu chini.

"Fundi, wewe umejipika kwenye sufuria na mfuniko juu."

Pale pale kwenye benchi binti akaniwekea mtoto mapajani. Alikuwa mzito kuliko nilivyodhani. Siku kumi na moja alikuwa ananenepa mbele ya macho yangu, na sikuwahi kumgusa. Siku hizo hazirudi, ndiyo maana naandika.

Jasho halijaisha, nisikudanganye. Bado linakuja, usiku mwingine hata mara mbili. Ila sasa nalalia shuka la pamba, navaa gauni jepesi la pamba, naacha dirisha wazi kidogo, naweka kitambaa na maji ya kunywa karibu. Likija nakaa kitako, napumua polepole, najifuta, nabadili gauni, nalala. Muuguzi amesema likizidi kuninyima usingizi nirudi, dawa zipo, daktari ataangalia ipi inanifaa.

Basi, wewe mwenzangu uliyefika umri huu, haya uyaepuke:

Kulalia nailoni, bitana au kitambaa chochote kinachoteleza.

Kujifunika blanketi zito moja. Bora mashuka mepesi mawili, uvue moja moja.

Sweta kitandani.

Kufunga madirisha yote.

Chai ya moto, kahawa, pilipili nyingi na pombe karibu na saa ya kulala. Sigara wakati wowote.

Kumeza vidonge vya jirani kwa sababu yeye vilimsaidia.

Kukaa nyumbani ukiwa na kikohozi, homa au unakonda pamoja na jasho. Nenda upime.

Kunyamaza ukiona damu baada ya mwaka mzima bila hedhi. Hiyo nayo nenda siku hiyo hiyo.